Mama Shuka alisoma taka za wageni, akaiokoa nyumba

Saa nne na robo asubuhi. Gari la wageni halijamaliza hata kukata kona, na Mama Shuka tayari amelipindua pipa la taka la jikoni juu ya gazeti alilolitandaza sakafuni. Gazeti lenyewe, si ajabu, ni hili hili unalolisoma.

Amevaa glavu za mpira. Anachutama na kuchambua kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua mchele. Maganda ya viazi, tena mengi. Makopo mawili ya nyanya, yamefunguliwa vizuri. Mifupa ya kuku. Pakiti ya majani ya chai, tupu kabisa. Hakuna hata boksi moja la chakula cha kununua.

"Wamepika," anasema, na uso unamchanua. "Siku zote nne wamepika, wamekula, wameshiba. Hawa sina wasiwasi nao, watarudi."

Anakunja gazeti na kila kilichomo, analitia kwenye mfuko, ananawa mikono hadi viwikoni. Wageni wengine wanaingia saa nane. Kuna vyumba vitatu, mabafu mawili, na jiko ambalo yeye mwenyewe halali usingizi mpaka alikague. Ukitaka kuzungumza naye, mfuate nyuma anakokwenda na ushike pembe moja ya shuka.

Hii ni nyumba ya kupangisha kwa siku. Haina mpishi, haina mapokezi, haina mtu wa kukubebea begi. Mgeni anapewa ufunguo, anajipikia, anajifulia, na siku zake zikiisha anaondoka. Mama Shuka, mwenye umri wa miaka 49, ndiye msimamizi wake. Jina hilo alilipata hotelini, alikofua na kupiga pasi shuka kwa miaka kumi na minne. Shuka akiitandika yeye, wenzake walikuwa wakisema, inzi akitua anateleza.

Leo nyumba hii hupata wageni usiku ishirini na tano kwa mwezi, na kuna watu wanaoomba nafasi miezi minne kabla. Lakini miaka miwili iliyopita ilibaki mwezi mmoja tu ifungwe, na Mama Shuka na mumewe watolewe nje na virago vyao.

Hoteli ile ilipofungwa, miaka sita sasa, yeye na mumewe walikuwa na hali mbaya. Mumewe ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi, hata mama mkwe wake. Ilipopatikana kazi ya kutunza nyumba hii, mshahara wa mwezi ulikuwa haufiki bei ya kulala humo usiku nne. Lakini kazi ilikuja na vyumba viwili vya uani, bure, na Fundi akaruhusiwa kuweka cherehani yake karibu na geti.

"Kazi moja, lakini ilibeba mambo matatu," anasema Mama Shuka. "Mshahara wangu, paa letu, na cherehani ya mume wangu. Ikianguka hiyo, tumeanguka sote mzimamzima."

Nayo ikaanza kuanguka.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu wa miaka 74. Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi, na wengi bado wanamwita Mpimaji. Mkewe alipofariki, nyumba ilimzidi ukubwa. Akahamia ndogo, mtaa wa pili, na binti yake akamshauri hii ipangishwe kwa wageni. Binti alileta mpiga picha hodari. Picha zikawekwa kwenye intaneti, na kwa kweli zilivutia. Wageni wakaja.

Shida ni kwamba walikuja mara moja tu. Na wakiondoka, hawakukaa kimya. Maoni waliyoyaandika yaliipa nyumba nyota mbili na nusu kati ya tano. Mmoja aliandika: "Nyumba nzuri sana. Tumekula mkate siku nne."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba hii ilijitembeza mpaka ikachoka, ikabaki na wageni usiku saba kwa mwezi.

Mpimaji hakukaa bure. Alinunua maua ya plastiki. Alinunua picha ya kutundika ukutani, kubwa kama mlango. Alinunua mito ya mapambo, ikafika tisa kwenye kitanda kimoja.

"Mgeni akitaka kulala, kwanza anahamisha mito utadhani anahama nyumba," anasimulia Fundi, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni. "Mimi ndiye niliyeshona foronya zake. Nilishona huku nasikitika."

Nyota hazikupanda. Asubuhi moja mzee alikuja, akasimama jikoni, akazungumza bila kumtazama mtu usoni. Kuna kampuni iliitaka nyumba iwe ofisi. Angewapa wageni miezi mitatu ya mwisho. Maoni ya mwezi wa tatu yasipofika nyota nne, nyumba ingekwenda kwa kampuni, pamoja na vyumba vya uani.

"Nilishika sinki," anakumbuka Mama Shuka. "Nikamwambia, 'Sawa, mzee.' Ningesema nini? Nyumba yake."

Fundi alipoambiwa, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na la kuchekesha. Alikaa, akafunika cherehani, akauliza tu, "Tutakwenda wapi?"

Jibu lilianzia kwenye pipa la taka. Siku chache baadaye mfuko ulimpasukia Mama Shuka mlangoni, taka zikamwagika zote. Alipokuwa akizizoa, jicho likanaswa. Kulikuwa na maboksi kumi na moja ya chakula cha kununua. Kopo la samaki lilikuwa limetobolewatobolewa, na pembeni yake karatasi laini yenye damu iliyokauka. Na kulikuwa na mfuko wa mchele wa kilo mbili, umepungua kikombe kimoja tu.

"Nikajiuliza, mtu ananunua mchele kilo mbili, anapika kikombe kimoja, halafu anautupa? Ana wazimu? Hana. Basi kuna kitu kimemkatisha tamaa humo jikoni."

Akaingia jikoni, na anasema siku hiyo ndiyo aliyoliona kwa mara ya kwanza, ingawa alilifagia kila siku. Sufuria mbili, zote za kuchemshia yai. Kisu butu, nyanya kinaiponda badala ya kuikata. Kifungua kopo hakuna. Sahani za plastiki tano, kila moja na rangi yake, na nyumba inalaza watu saba.

Na hatua nne kutoka hapo, sebuleni, kulikuwa na kabati la vioo.

Ndugu msomaji, kabati hilo unalijua. Huenda unalo. Ndani yake sahani ishirini na nne za aina moja, mabakuli, sufuria kubwa za kung'aa, kikaango kizito, seti ya visu ambayo haijatolewa kwenye boksi lake. Katika kila nyumba vitu hivyo vina jina moja: vyombo vya wageni. Na wageni ndio hao, wamekuja, wamelipa, wanavitazama kupitia kwenye kioo huku wanakula kwenye plastiki. Kabati limefungwa, na ufunguo uko kwenye shada la funguo za Mpimaji, mtaa wa pili. Jamani!

Mama Shuka alimwendea. "Mzee," alimwambia, "wageni hawana cha kupikia. Tufungue kabati."

"Hivyo ni vya marehemu," Mpimaji alijibu. "Havitoki."

"Lakini mzee..."

"Mama Shuka, nimesema havitoki."

Akarudi kwake. Akachukua sufuria yake kubwa, ile aliyopewa siku ya harusi, akachukua na kisu chake kimoja kikali, akavipeleka jikoni kwa wageni. Yeye na Fundi wakawa wanapika kwa kungoja zamu: wageni wakishamaliza, au wasipokuwepo. Kuna siku walikula wali saa tisa mchana kwa sababu sufuria ilikuwa imekwenda kazini. Fundi naye akafunga kamba ya kuanikia nguo uani, akapigilia misumari ya kutundikia taulo nyuma ya milango ya bafu. Mito ya mapambo ikapelekwa stoo, yote.

Maoni yakaanza kubadilika. Mwezi wa pili yalifika nyota tatu na kidogo. Fundi alifurahi. Mama Shuka hakufurahi, kwa sababu watu saba hawalishwi kwa sufuria moja na sahani tano, na mwezi uliobaki ulikuwa mmoja.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata leo mumewe akilisimulia anajishika kichwa. Alimwalika mwenye nyumba aje awe mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nilimwambia, mzee, nyumba hii unaijua kwa kuishi. Hujawahi kuijua kwa ugeni. Njoo siku mbili, Jumamosi na Jumapili haina mtu. Njoo na familia, mtimie saba. Nitakupa ufunguo saa nane kama ninavyompa mgeni yeyote. Ila hakuna kwenda mtaa wa pili kuchukua kitu, na hakuna kuniita."

"Mimi nikamwambia, wewe mwanamke, mwajiri anapewa masharti?" anasema Fundi. "Haya, acha nianze kufungasha cherehani."

Mpimaji alikubali, pengine kwa kuona ni mzaha. Akaja na binti yake, mkwe wake, wajukuu watatu na dada yake mkubwa, ambaye familia nzima humwita Shangazi. Walikuja na kuku, viazi, mchele na makopo ya maharage. Kabla hawajafika, Mama Shuka alikuwa amerudisha uani sufuria yake na kisu chake.

"Nilitaka aione nyumba yake," anasema. "Si yangu."

Wakakaa uani, yeye na Fundi, wakisikiliza. Saa tisa walisikia nyundo, mtu anapiga kopo. Saa tisa na nusu ikasikika sauti ya Shangazi: "Kisu hiki cha kupakia siagi au cha kumtishia mtoto?" Saa kumi wajukuu walianza kulia njaa. Kuku mmoja alipikwa kwa awamu tatu, kila awamu ikapoa ikiisubiri nyingine. Ilipofika saa kumi na mbili wakaanza kula, watano kwanza, wawili wakingoja sahani zioshwe. Mmoja wa waliongoja alikuwa Mpimaji.

Shangazi hakuvumilia. Mama Shuka anayakumbuka maneno yake neno kwa neno, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Mdogo wangu, nikuulize. Marehemu wifi yangu vyombo vile alinunua kwa ajili ya nani?"

Mpimaji akajibu kwa sauti ndogo, "Vya wageni, dada."

"Na mimi leo ni nani humu ndani?"

Kisha zikasikika funguo, na mlango wa kabati ukalia, maana ulikuwa haujafunguliwa miaka mitatu.

Mpimaji mwenyewe haoni haya kulisimulia. "Nililia pale pale mbele ya wajukuu," alisema gazeti hili lilipomtembelea. "Mke wangu alikuwa mtu wa watu. Mgeni alikuwa hatoki kwetu bila kula. Mimi nikadhani ninamtunza, kumbe ukarimu wake nimeufungia kabatini. Nilikuwa nauza picha, si nyumba."

Jumapili jioni alimwita Mama Shuka, akautoa ufunguo wa kabati kwenye shada lake, akamwekea kiganjani. Alisema, "Mpe mgeni."

Kulipokucha, Mama Shuka alihamisha vyombo vyote. Visu vilitoka kwenye boksi. Sahani kumi na nne zikaingia jikoni, mbili kwa kila mgeni, nyingine zikawa akiba. Kifungua kopo kikanunuliwa, na cha pili, "kwa sababu kimoja hupotea, sijui huwa kinakwenda wapi." Chumvi, sukari, mafuta na majani ya chai vikawekwa vya kumtosha mgeni siku ya kwanza, anapofika amechoka na maduka hayajui. Kwenye kila swichi akabandika karatasi ndogo: taa ya nje, maji ya moto, feni.

Siku ya tano, sahani ikavunjika.

Aliikuta vipande vitatu juu ya meza, na kikaratasi cha mgeni cha kuomba radhi. Anasema mtaa wa pili haujawahi kuwa mbali kama siku ile. Alitembea na vipande vile ndani ya kitambaa, akijua kwamba mzee akikasirika, kabati litafungwa tena na wiki tatu zilizobaki hazitatosha kitu. Alipofika akafungua kitambaa.

Mpimaji aliangalia vipande. "Imevunjikia wapi?"

"Mezani, mzee. Walikuwa wanakula."

"Wengi?"

"Sita, mzee. Walikuwa na sherehe ya mtoto."

Mzee akakifunika kitambaa. "Basi imekufa kazini," akasema. "Zimebaki ishirini na tatu. Rudi, usichelewe, wageni wako wanafika saa nane."

Mama Shuka alirudi akicheka na kulia kwa pamoja barabarani, na watu wakimtazama. Hakujali. Siku ile, anasema, ndiyo aliyojua kwamba wameshinda, hata kabla ya nyota.

Nyota zilikuja siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Binti alikaa kwenye ngazi na simu yake, Mpimaji amesimama nyuma yake na miwani, Fundi ameacha suruali ya mteja kwenye sindano. Binti akasoma maoni moja moja. "Hatimaye nyumba yenye kisu!" aliandika mmoja. "Mama yangu alipika kama yuko kwake," aliandika mwingine. Kisha akasoma jumla ya mwezi: nyota nne na nukta nane.

"Nilipiga vigelegele, mbwa wa jirani wakaitikia," anasema Mama Shuka.

Fundi alicheza peke yake mpaka getini na kurudi. Mpimaji alipiga simu kwa kampuni papo hapo, mbele yao, akawaambia nyumba ina watu. Mshahara wa Mama Shuka ulifanywa maradufu mwezi uliofuata, na ukaongezwa tena mwaka jana. Mkataba wa vyumba vya uani umeandikwa kwa jina lake.

Tangu hapo habari zimetembea. Wenye nyumba kumi na mmoja wameshamwita awakagulie zao. Huwa hawafurahii anayoyasema, maana mdomo wake haujui kupaka mafuta. Mmoja aliyejivunia televisheni ya ukuta mzima aliulizwa, "Na mwiko uko wapi?" Hakuwa nao.

"Mgeni wa namna hii hataki hoteli," anaeleza, akipigapiga mto. "Angetaka hoteli angekwenda hoteli. Huyu anataka awapikie wanawe wanachokipenda, saa wanayoitaka wao, avae kanga au pajama, asiulizwe na mtu. Na anataka asijione mjinga kwenye jiko la watu. Akifungua droo ya kwanza akakuta kisu, moyo unatulia. Asipokikuta, hata umwekee dhahabu ukutani, ameshakasirika."

Wapo wanaomchosha. Kuna waliokaanga samaki wakafunga madirisha yote, na nyumba ikanuka wiki nzima. Kuna aliyeondoka na mapazia. Hao anawasamehe, ila yule wa mapazia bado anamkumbuka vizuri, na Fundi aliyeyashona anamkumbuka zaidi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa," Fundi anatania. "Huyu wangu, siku ya tatu anampa kikaango kikubwa zaidi."

Saa saba na nusu. Vitanda vimetandikwa, na ukweli lazima usemwe, inzi angeteleza. Mama Shuka anakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwenye kibao karibu na cherehani ya mumewe, na anatoa jambo ambalo amelibana siku nzima.

Mwezi ujao wanafungua nyumba yao. Ni ndogo, vyumba viwili na jiko, nyuma ya soko. Wameikodi kwa miaka mitano, wao wenyewe, na Mpimaji amesimama kuwa mdhamini. Godoro limeshaingia. Sufuria kubwa zimeshanunuliwa. Hapa kwa Mpimaji ataendelea, tayari anamfundisha mdogo wake wa kike wasaidiane. Wageni wa kwanza kule wameshaomba nafasi, ila amewaambia wangoje kidogo, kwa sababu hapangishi nyumba yake kabla hajalala humo mwenyewe.

"Miaka ishirini natandika vitanda vya wageni," anasema. "Sijawahi kulala hata kwenye kimoja. Mwezi ujao tunakwenda siku tatu, mimi na huyu. Nitapika kila kitu nione kinachokosekana. Nitalala, tena katikati. Na asubuhi sitandiki mimi. Atatandika Fundi."

Fundi anatia uzi kwenye tundu la sindano na hainui kichwa.

"Nitatandika," anasema. "Mwenye nyumba akisema, nani abishe?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mama Shuka anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kanga.